Mwali Kabla ya Siku Zangu

Ndugu yangu Mrisho amekaa kwangu hapa Bigwa tangu mvua za vuli, na kila asubuhi nikimsikia akikohoa barazani nashtuka, nasema moyoni kuna mwanaume nyumbani. Mimi ni mjane wa siku nyingi, sina mazoea. Mwanangu alicheka aliponiona nampa mzee nisiyemjua sura godoro langu zuri, kisha namchinjia kuku wa mayai. Asicheke. Mzee huyu nilimwona mara ya mwisho akiwa na meno ya utoto, na siku aliyokwenda waliondoka naye baba na mama yangu. Tumezungumza sana tangu aje, na katika mazungumzo hayo mwaka mmoja wa maisha yangu, ambao niliamini naujua kama ninavyoujua ua wa nyumba yangu, umepinduka. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo anayetaka mwandiko mzuri na aende kwa wajukuu zangu.

Mwaka wenyewe ni ule wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza, Wadachi walipoihama Morogoro. Umri wangu sina hesabu yake, ila nilikuwa binti wa kutosha kubeba mtungi mdogo, na kifua changu kilikuwa bado bapa kama cha Mrisho. Tulikaa kambi ya askari, karibu na boma, katika chumba kimoja cha udongo kilichopakana na vyumba vya wengine. Kuta za kati zilikuwa hazifiki juu kwenye paa, hivyo ukipika kunde jirani anajua, na ukigombana na bwana wako jirani anatoa hukumu. Baba alikuwa askari wa Wadachi, Mnyamwezi, mtu mrefu ambaye mikono yake ilinuka mafuta ya bunduki hata akishanawa. Viatu vyake alivivua mlangoni, na mimi na Mrisho tulivizunguka kwa mbali kana kwamba kuna mtu ndani. Simkumbuki akinipiga hata siku moja. Nakumbuka tu kwamba akiingia sote tulinyamaza, na Mrisho peke yake, mtoto asiyejua kuogopa, alimrukia miguuni.

Mama hakuwa mke wake wa ndoa. Mjomba wangu, kaka yake Mama, aliikataa mahari ya Baba. Sisi Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Wanyamwezi nao, mtu akishatoa mahari watoto ni wake. "Nikipokea mbuzi wa mtu huyu," Mjomba alisema, "siku moja atawafunga wapwa zangu kama mizigo aende nao Tabora." Mama akateremka kambini hivyo hivyo, kwa mapenzi, bila nikahi, na kwa desturi za pande zote mbili sisi tukawa watoto wa mlimani, wa ukoo wa Mama. Kambini desturi hizo hazikujulikana. Mke wa nikahi alipewa posho yake na ya wanawe. Mwanamke kama Mama hakupewa kitu. Mtoto wake, yeye, angeweza kupata kibaba cha mtama na chumvi kidogo, ilimradi askari asimame mbele ya bwana mkubwa, amwekee mtoto mkono kichwani, aseme, "Huyu wangu."

Tulisimamishwa hivyo asubuhi moja, mimi na Mrisho, tumepakwa mafuta mpaka visigino. Bwana mkubwa alikaa kwenye kiti chini ya kivuli cha ghala, akatutazama kama mtu anayechagua mbuzi. Mkono wa Baba kichwani mwangu ulikuwa mzito. Akasema, "Huyu wangu. Na huyu." Kisha shaushi wa kampuni, yaani askari mkubwa aliyekisimamia kikosi chao, mtu mwenye kovu la shavu na sauti ya kupasua kuni, akatuhubiria sote tuliokuwa pale. "Mtoto anayekula posho ni mtoto wa kampuni. Kampuni ikihama, naye anahama. Na askari atakayechukua kibaba cha mtoto ambaye hayupo, hamsa ishirini!" Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano, na hakuna aliyekuwa hajaviona vikichapwa. Siku ile tulikula ugali wa mtama tukashiba, njaa ikiwa imeshaingia mjini kwa ajili ya vita, nami nilikula kwa furaha kama mjinga.

Hofu ilianza kwa maneno ya juu ya ukuta. Wanawake wa kambi walikuwa wakisukana nywele mchana, wakisema chini chini wakidhani watoto hatusikii. Mmoja wao alikuwa ametoka upande wa Moshi na kampuni nyingine, na alikuwa akisimulia kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. "Watoto walikuwa wanabebwa mpaka mama achoke. Akichoka anamweka chini, anasema nitarudi. Hakuna anayerudi." Mwingine akamwambia, "Astaghfirullah, usiseme hayo." Yeye akajibu, "Nisiseme? Wangu mimi nilimweka chini ya mti." Nikasikia kitana kinapita kwenye nywele. Tangu siku hiyo kila nilipopewa kibaba changu nilikiona kama kamba ya mguuni. Nilimwambia Mama sitaki tena posho. Akanitazama, akaelewa nimesikia, akaanza kulia bila sauti huku anapepeta.

Mizinga iliposikika upande wa Wami, Mama akaamua. Alimwambia Baba kwamba Bibi anaumwa, akamwomba ruhusa atupeleke tukamwamkie. Baba alikuwa anafunga mkoba wake. Alimtazama Mama kwa muda, akasema, "Mtarudi kabla hatujahama?" Mama akasema, "Tutarudi." Hakutuuliza zaidi. Bibi yangu, mama yake Mama, alikaa juu ya Mlali, mwendo wa kupanda, na Mama alichagua huko kwa kuwa watu wote walisema Wadachi watakimbia kwa gari moshi kuelekea Kilosa na Tabora. Nani angejua? Sisi tuliikimbia kampuni tukaenda kuingojea njiani.

Nyumba ya Bibi ilikuwa na vyumba viwili na masizi ya moshi wa miaka mingi. Jioni ya kufika kwetu tulikula magimbi na mlenda, na wakubwa wakajadiliana motoni. Mjomba alisema Mrisho atakwenda kukaa naye kwenye kibanda cha shambani, juu kabisa, na mimi pia. Bibi akakataa. "Msichana porini wakati huu? Wapagazi wanatoroka kila siku, wanajificha humo humo. Huyu namweka ndani." Mama hakuelewa, akauliza ndani wapi. Bibi akasema, "Ndani kama mwali." Mwali, kwa asiyejua, ni binti aliyevunja ungo. Hufungiwa chumbani miezi mingi afundwe, hatoki, na hakuna mwanaume anayemwona wala kusema naye, awe mjomba au baba. Mimi nilikuwa bado. Mama akaweka kijiti cha moto chini. "Mama, kumweka mwali kabla ya siku zake ni mwiko. Hatazaa." Bibi akamjibu bila kumtazama, "Bora tasa aliye hai." Neno hilo niliendelea kulisikia kifuani kwa miaka.

Uongo wenyewe tuliutangaza kwa ngoma. Ilibidi, kwa sababu mwali asiyepigiwa ngoma ni nani? Wanawake wa jirani walikuja na unga na ndizi, wakaimba, wakacheza mpaka vumbi likapanda, wakanisifu na kunitania kwa mambo ambayo nilikuwa sijayajua hata kwa ndoto. Nililia kwa woga, wakafurahi, wakasema mwali anayelia ana adabu. Bibi alicheza mbele yao wote, naye akijua. Nikafungiwa chumba cha ndani. Kilikuwa hakina dirisha, ila tundu dogo ukutani, la kupitisha hewa, ambalo Bibi aliliziba kwa tambara. Nilipakwa mafuta ya nyonyo, nikakatazwa kusema kwa sauti, nikafundishwa kugonga kibuyu nikitaka kitu. Mchana kutwa nilisikia panya, maji ya mto wa chini, na Mrisho akicheza uani, maana alikuwa anateremka kila siku kutoka kwa Mjomba kuja kula. Niliogopa giza, nikaogopa mwiko, nikaogopa kuwa tumbo langu linakauka humo ndani kama boga lililosahauliwa.

Askari walikuja mchana, kungugu likiwa limeshuka. Kwanza nilisikia mbwa, halafu kishindo cha watu wengi njiani, miguu na vyuma, na wapagazi wakiguna. Jirani zetu walikimbilia msituni. Bibi aliingia chumbani, akanikalisha pembeni, akatoka akasimama mlangoni pa nyumba. Mama alikuwa uani na Mrisho. Nikasikia Mjomba anaita kutoka juu, "Mleteni mtoto huku! Mleteni!" Na hapo hapo nikasikia sauti ya Mrisho, ya furaha kabisa, "Baba! Baba huyoo!" Miguu yake midogo ikatimka kuteremka njiani. Nani wa kumlaumu? Alikuwa amemkumbuka baba yake. Nyuma yake nikasikia Mama anakimbia, na kutoka bondeni sauti ile ya kupasua kuni ikauliza, "Huyu si mtoto wa posho? Na mwenzake yuko wapi?"

Baba alipanda peke yake mpaka nyumbani. Nilizijua hatua zake. Alisimama mbali na mlango, kwa adabu ya kutomtazama mama wa mwanamke wake usoni, akamwamkia kwa sauti ya chini. Bibi hakumjibu salamu. "Kama umefuata mtoto," alisema, "ndani kuna mwali. Pita, ukitaka kulaaniwa." Baba hakupita. Alikuwa na bunduki, na Bibi alikuwa na kanga tu. Kisha hatua zikazunguka nyumba, taratibu, zikisimama na kuendelea, mpaka zikafika ukuta wangu, kwenye lile tundu. Mkono ulisukuma tambara kidogo, mwanga ukaingia kama sindano. Harufu ya mafuta ya bunduki ikaingia nayo. Nikajibana chini, nikauma kanga yangu.

"Mwanahawa," aliita. Sikuitika. "Mwanahawa mwanangu. Uko humo?" Kwetu binti akiitwa na baba yake huitika "abee" kabla hajajua anaitiwa nini, ni kitu cha ulimi, hakipiti kichwani. Ulimi wangu ulinyanyuka, nami nikaukamata kwa meno. Akasema tena, karibu kabisa, "Niitikie tu. Mara moja." Nilimsikia anavuta pumzi. Nilikuwa na hakika nikitoa sauti mkono ule utapita ukutani unishike shingo, nitolewe mbio mpaka chini ya ule mti wa yule mwanamke. Mkojo ulinitoka. Akakaa pale, sijui kwa muda gani, halafu akasema "Haya," kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Akalirudisha tambara tunduni. Hatua zikaondoka.

Baada ya kitambo kidogo, kutoka chini mtoni, nikasikia kilio cha Mama. Sijawahi kusikia sauti kama ile tangu siku hiyo, nami nimezika wengi. Kilipanda mpaka kwenye kungugu, kikakatika, kikapanda tena. Nilijua wanampiga viboko kwa ajili yangu, au wanamburuta. Bibi aliingia akaniziba mdomo kwa kiganja, ingawa sikuwa nimetoa sauti. Kilio kikaenda kikipungua na kishindo cha kampuni, kuelekea Kisaki, mpaka tukabaki na maji ya mto. Mama hakurudi kuniaga. Tulikaa ndani siku nyingi tukimngoja, mimi na Bibi, hata baada ya Waingereza kupita na farasi wao.

Nilitoka uwalini wakati wanawake walipopiga ngoma ya kunitoa, nikiwa bado sijavunja ungo, na nilipovunja kweli sikumwambia mtu. Niliolewa, na mtoto wangu wa kwanza alipolia nilitetemeka mpaka mkunga akanisuta. Wakaja wengine. Mwiko ulinisamehe, lakini hofu haikunisamehe. Miaka yote hiyo nilikuwa sikai na mgongo wangu kwenye ukuta wenye tundu. Mume wangu akinikaribia kwa nyuma aliniita kwanza kwa jina, naye hakujua kuwa kuitwa ndiko kulikonitisha zaidi. Baba kwangu alikuwa mtu aliyekuja kunichukua akanikosa, akamchukua Mrisho, na akamliza Mama kilio kile. Bibi alikufa akiamini hivyo hivyo, na mimi ningekufa hivyo.

Mrisho alifika mlangoni kwangu akiwa mzee mwenye mkongojo, ameelekezwa na watu wa Mlali kwamba wa ukoo ule aliyebaki yuko Bigwa. Aliniamkia, "Shikamoo, mama," nikamwitikia, nikampa kigoda. Alisema ametoka mbali, kusini, upande wa Tunduru, na kwamba hana haja kubwa ila anatafuta kaburi. "La nani, baba?" nikamuuliza. Akasema, "La dada yangu. Alikufa kwa ndui juu ya Mlali, mwaka wa vita, mimi mdogo. Nataka nisome Yasini pale kabla sijamfuata. Alikuwa akiitwa Mwanahawa." Nilikuwa na ungo wa mchele mapajani. Nikauweka chini, nikamwambia, "Mrisho, Mwanahawa ni mimi." Mkongojo ulimtoka mkononi.

Ilituchukua siku nyingi kuyaunganisha, yeye na kipande chake, mimi na changu. Yeye alikuwa mtoni, ameshikwa mkono na shaushi, wakati Baba aliposhuka kutoka nyumbani. Aliwaona wote wawili, Baba na Mama. "Baba alikuja anatembea polepole," aliniambia. "Akamwambia shaushi, mtoto amekufa jana kwa ndui, wamemzika nyuma ya nyumba. Mama akamtazama Baba. Akamtazama tu, dada, kisha akapiga lile yowe." Shaushi aliposikia ndui alirudi nyuma, akawafokea wenzake wasimguse Baba. Hakuna aliyetaka tena kupanda kwenye nyumba ile. Na Mama, aliyekwisha lia mbele ya kampuni nzima, angerudije kunikumbatia? Akamfuata mwanawe mdogo.

Kule mbele, walipopumzika, wanawake wa kambi waliniwekea matanga. Mrisho anayakumbuka vizuri. Walitandika mkeka, wakachanga mtama kutoka posho zao, wakapika uji, na Mama alikaa kati yao amejifunika. Shaushi alikuja akampa Baba mkono wa pole, akatangaza kwamba kibaba cha marehemu kimekatwa. Hawakumwambia Mrisho ukweli, naye anasema walifanya vema. "Mimi si ndiye niliyepiga kelele njiani? Ningesema." Mama alifia ng'ambo ya Rufiji, kwa homa. Baba alimbeba Mrisho begani mpaka upande wa Wareno, na huko akapigwa risasi. Asubuhi yake posho ya Mrisho ikasimama, kwa kuwa aliyesema "huyu wangu" hayupo na nikahi haikuwapo. Yule mwanamke wa Moshi ndiye aliyemchukua akamlisha chake.

"Lakini alilia," Mrisho aliniambia juzi, tumekaa barazani. "Baba. Kwenye matanga yako. Alilia mpaka askari wenzake wakaona haya. Sasa kama alijua u hai, alikuwa analia nini?" Nilimwambia sijui. Nilijua: aliniomba niitikie mara moja tu, nami nikamnyima. Akaendelea, "Nami nimekusomea kila Shaabani tangu nipate akili. Mbuzi nimekuchinjia. Dua zote zile zimekwenda wapi?" Nikapata cha kumtania. "Si ndizo zilizoniweka mpaka leo? Unadhani ni dawa za hospitali?" Tukacheka sana, wazee wawili wasio na meno. Halafu nikamwambia tumsomee Baba, kwa kuwa mimi sijawahi kumsomea.

Mrisho akanyanyua mikono, akaanza kwa ile sauti yake ya kukohoa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa na macho nimefumba, na badala ya aya nikawa nasikia mtu nyuma ya ukuta anavuta pumzi, anangoja. Sikuogopa. Nikasema, "Abee, Baba." Mrisho akaendelea kusoma.